Jivu Kwenye Sakafu ya Fainali

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia jikoni, Ntinyari akafuata. Kabla msichana hajaweka raketi yake juu ya gunia la viazi, Kithinji alikuwa ameshainuka kwenye kigoda. Mishumaa iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya taa. Miaka kumi na sita hakuwa ameinusa.

"Umetoka wapi na hiyo harufu?"

"Ukumbini, baba. Tumeshinda nusu fainali. Mimi na Ireri tunacheza fainali kesho." Alicheka. "Hata huulizi pointi ngapi?"

"Nimeuliza harufu."

"Ni akina mama wa kikundi. Wanapiga sakafu polishi. Kesho kuna mgeni wa heshima, na mwenyekiti anataka ajione uso wake chini kama kwenye kioo."

Kithinji akarudi kukaa.

Watu wa Githongo wote wanalijua Kombe la Thuci. Lilianzishwa mwaka wa sitini na tano na wakubwa waliotaka watu wa Meru na watu wa Embu wacheze pamoja badala ya kutukanana sokoni, wakaliita kwa jina la mto ulio kati yao. Mwaka mmoja linachezewa Githongo, upande wa Meru, mwaka unaofuata Manyatta, upande wa Embu. Michezo ni mingi, lakini watu huja kwa ajili ya mchanganyiko wa badminton, mchezo wa kinyoya, mwanamume na mwanamke upande mmoja wa wavu, na kanuni yake haijavunjwa hata mara moja: mmoja awe Mmeru, mwingine awe Mwembu. Bila hivyo hamwandikishwi. Wa kwanza kushinda walikuwa karani wa kahawa na muuguzi wa kutoka Manyatta. Halafu walimu wawili wakashinda mara tatu mfululizo, mpaka mwalimu wa kike akahamishwa na wakubwa hao hao. Majina yote yamo kwenye ubao mweusi ukutani mwa ukumbi, kwa rangi ya dhahabu. Sabini na nne, Kithinji na Wambeti. Sabini na tano, Kithinji na Wambeti. Sabini na nane, hao hao, na wakati huo walikuwa wameshaoana na Ntinyari ana mwaka mmoja.

Ukishuka na kidole utafika themanini na moja. Hapo hapana majina. Pameandikwa neno moja: Haikuchezwa.

Ilichezwa. Ilikuwa tisa kwa sita, Kithinji na Wambeti wakiongoza, waziri mdogo amekaa mbele na shada la maua mezani, na sakafu nyekundu inang'aa kama imemwagiwa maji. Wambeti alirudi nyuma kufuata kinyoya kirefu kwenye kona ya kushoto. Mguu ukaenda peke yake. Kichwa kilipiga simenti, na sauti ile Kithinji hakuwahi kumweleza mtu ilikuwa ya namna gani. Siku ya tatu Wambeti akafa. Kamati ikasema alivaa viatu visivyofaa. Kisha ikasema mchezo ambao haukuisha ni kama haukuchezwa, na katibu akamwambia mchoraji aandike hivyo.

Baada ya mazishi hawakuthubutu tena kupiga polishi. Wageni wa heshima waliokuja walikuwa walimu wakuu na machifu, watu ambao vumbi haliwasumbui. Lakini mwaka huu wa tisini na saba ni mwaka wa kura, na anayekuja kesho ni mkubwa. Yule katibu wa zamani, Mwongera, sasa ndiye mwenyekiti.

"Usicheze," Kithinji alisema.

"Baba."

"Mwambie Ireri unaumwa."

Ntinyari alichukua sufuria, akajipakulia mukimo wa viazi na mahindi, akala vijiko viwili bila kumwangalia. "Nimefanya mazoezi miaka minne," akasema. "Nikishinda, wataniandika chini ya mama. Unataka nikatae kwa sababu sakafu imepakwa mafuta? Nitakanyaga polepole."

Kuna jambo ambalo Ntinyari hakulijua, wala mtu mwingine yeyote. Siku ile, kabla ya mchezo, Wambeti alisugua kiatu chini, akamnong'oneza mumewe, "Inateleza hii." Na Kithinji, akiona waziri mdogo ameshakaa, akiona katibu ameshika saa, alimjibu, "Kanyaga polepole tu. Tusiwaaibishe wakubwa."

Asubuhi alifika ukumbini kabla ya viti kupangwa. Mlangoni alisimama. Hakuwa ameingia humo tangu mwaka ule. Sakafu ilikuwa imelala kimya, nyekundu, na madirisha yote yalikuwa yameanguka ndani yake. Wanawake wawili walikuwa bado wanaisugua, vipande vya blanketi vimefungwa miguuni, wanateleza huku na huku wakicheka kama watoto.

Mwongera alikuwa anahesabu soda.

"Mwenyekiti, hiyo sakafu isuguliwe kwa sabuni ya magadi. Saa nane bado iko mbali."

"Habari ya asubuhi kwanza, mzee Kithinji."

"Nzuri. Isuguliwe."

Mwongera alifunga kreti, akajipangusa mikono. "Mzee, najua uchungu wako. Lakini wewe mambo ya sakafu umesomea wapi? Darasa la tatu? Kuna kamati hapa. Kuna mtu wa afya ametazama. Vijana wa siku hizi wana viatu vya raba, si kama nyinyi."

"Wambeti alivaa raba."

"Mgeni ameshatoka nyumbani kwake," Mwongera akasema, na sauti yake ikawa ya chini, karibu ya kuomba. "Ametuahidi mabati na umeme. Nikimwaga maji humu sasa, atakuta matope. Nenda nyumbani ukanywe chai. Ukirudi, njoo na koti, nitakupa kiti cha mbele."

Kithinji alikwenda nyumbani. Hakunywa chai. Alisimama jikoni mbele ya mafiga, akatazama jivu la kuni za mibuni lililojaa, jeupe, laini, lile analomwagia nduma, magimbi yake, kila msimu. Akachukua ndoo. Akazoa kwa mikono.

Saa nane ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mgeni alikuwa amekaa, shada mezani, kofia gotini. Kithinji alisimama nyuma na ndoo yake iliyofunikwa kwa gunia, na watu wakadhani ameleta mahindi ya kuuza. Alimwona binti yake akiingia na Ireri, kijana mrefu wa Manyatta, meno nje kwa furaha. Alimwona Ntinyari anasugua kiatu chini. Alimwona anamgeukia Ireri na kumnong'oneza kitu. Na akamwona Ireri anatupa jicho mahali pa mgeni, kisha anainua mabega.

Hapo Kithinji akatembea.

Alipita kati ya viti, akavuka mstari, akakanyaga sakafu ile. Mguu wa kwanza ulitaka kumkimbia, akauburuta. Alifika kona ya kushoto, nyuma kabisa, akaondoa gunia, akamwaga. Jivu likapanda hewani kama ukungu, likatua juu ya wekundu wa kona ile.

Mtu dirishani akasema, "Mzee, hapa si shamba la nduma," na ukumbi mzima ukacheka. Mgeni hakucheka. Alikuwa anapangusa kofia yake.

"Mtoeni huyo," Mwongera alisema.

"Baba, toka." Ntinyari alikuwa amekuja mpaka kwake, uso umemvimba kwa aibu. Alisema kwa Kimeru ili wageni wasisikie, na hilo lilimuuma Kithinji zaidi. "Toka, tafadhali. Utaniharibia kila kitu."

"Mama yako aliniambia inateleza." Kithinji hakujua kama anaongea kwa sauti kubwa au ndogo. "Hapa hapa. Aliniambia, nami nikamjibu akanyage polepole, tusiwaaibishe wakubwa. Mimi ndiye niliyesema. Si hawa peke yao."

Ntinyari akageuka, akaenda upande usio na jivu, mahali panapong'aa, akasimama katikati. Labda alitaka kumwonyesha kwamba anajisumbua bure. Labda alitaka kujua mwenyewe. Akapiga hatua moja ya kurudi nyuma, hatua ndefu, raketi juu, ile ya mama yake kabisa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Kithinji alifumba macho. Akasubiri ile sauti.

Alichosikia ni kiatu kikilia kama panya, na pumzi za watu wote zikivutwa pamoja. Alipofumbua, Ntinyari alikuwa ananing'inia, mguu mmoja mbele mbali, kichwa kimebaki kama shubiri moja kutoka kwenye simenti, na Ireri amemshika mkono kwa mikono yake miwili, naye amepiga magoti.

Hakuna aliyecheka tena. Ntinyari alikaa chini pale pale. Akafungua kamba za viatu, kimoja, cha pili, akavipanga kando yake.

"Sichezi," akasema.

"Sheria inasema asiyecheza amepoteza," Mwongera akasema.

Upande wa pili wa wavu, msichana wa kutoka Kiambere aliyekuwa afaidike na maneno hayo alitazama sakafu, akamtazama mwenzake. Naye akakaa.

Mgeni wa heshima aliondoka kabla ya soda. Mabati hayakuja, wala umeme, na Githongo nzima inajua ni nani wa kulaumiwa. Wiki ile watu wawili walivuka barabara ili wasimsalimie Kithinji.

Jumatano Elphas, mchoraji wa mabango, aliitwa na kopo lake la rangi ya dhahabu. Kithinji alikwenda kumtazama. Ntinyari alikwenda pia, ingawa tangu Jumamosi hakuwa amemwambia baba yake zaidi ya "chakula ni hicho." Walisimama mbali mbali. Elphas alipanda ngazi, akaandika tisini na saba, akachora kistari, akaandika lile neno, herufi kwa herufi, polepole, kama lilivyo la themanini na moja.

"Hapo ndipo jina langu lilikuwa likae," Ntinyari alisema.

Kithinji alikuwa anatazama neno la juu na neno la chini.

Ntinyari akatoka. Akashuka ngazi za ukumbi mbili mbili, kama ilivyo kawaida yake, na mvua ilikuwa imenyesha. Kithinji alishika ukingo wa meza, akasikiliza miguu ile, hatua kwa hatua, mpaka ilipofika barabarani.