Nyumba Aliyoachiwa Adija

Adija binti Likwata alihamia Kivinje na jambo moja kichwani: kupata nyumba ya kupangisha. Alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kinjumbi, hana mtoto, na shamba la pamba la jumbe lilikuwa limemchosha. Kila mtu mzima alilazimishwa kulilima kwa amri ya Wadachi, huku ufuta wake mwenyewe ukimezwa na magugu. Mjini, aliambiwa, mwenye vyumba anakula amekaa. Wapagazi wa bara wanataka pa kulala, wachuuzi wanataka pa kuweka mizigo.

Alifikia kwa shemeji yake Mfaume, mdogo wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani mtaa wa Wahindi. Mfaume aliupenda mji kama vile ameujenga yeye. Siku ya kwanza aliacha nguo za watu zikining'inia, akamtembeza. Alimwonyesha milango ya nakshi ya matajiri wa zamani, mingine imebaki milango mitupu, nyuma yake kuta zimeanguka na mipapai imeota ndani. Akamwonyesha forodha, msikiti, uchochoro wa wafua vyuma, na mivinje ya ufukweni inayovuma hata kama hakuna upepo. Walipofika karibu na boma la Wadachi wote wawili walihamia upande wa pili wa njia bila kuambiana.

"Ukinunua, shemeji, nunua karibu na kisima," alisema Mfaume. "Mpangaji atakusamehe paa likivuja. Kuchota maji mbali hatakusamehe."

Lakini nyumba za karibu na kisima hazikuuzwa. Adija aliuliza mlango hadi mlango, akajibiwa kwa adabu kwamba hapa ni pa mababu. Halafu, ghafla, wakaanza kumfuata wao. Mwenye nyumba aliyemkatalia Jumatatu alimsimamisha njiani Alhamisi, akamuuliza kama bado anatafuta.

"Kuna nini?" Adija alimuuliza Mfaume.

"Wanasema watu wa milimani wamekunywa dawa. Maji. Wameng'oa pamba ya Wadachi na sasa wanashuka pwani."

"Watu gani wa milimani? Si hao tunaowauzia chumvi?"

"Hao hao."

Adija hakuelewa. Pamba ile na yeye aliichukia. Basi wale walikuwa wanakuja kumtoa katika taabu, au kumchoma moto mjini alikokimbilia kuiepa taabu hiyo hiyo? Alitaka kuuliza, ila hakujua amuulize nani, maana mtaani kila mtu alisema lake. Huyu alisema risasi zinageuka maji. Yule alisema manowari iko njiani. Watu wengine walikuwa wanahama kwa majahazi kwenda Unguja, na wengine wanaingia na matenga ya kuku kutoka vijiji vya kaskazini, wakipishana nao kwenye njia ile ile.

Asubuhi moja Bwana Tajdin alimwita. Alikuwa na duka la nguo karibu kabisa na kisima, nyumba ya mawe, uani vyumba vitano. Mkewe Mehrunnisa alikuwa tayari amefunga mabunda. Watoto walikuwa wanalia.

"Mama Adija," alisema Tajdin, huku akifunga kamba, "sisi tunaondoka leo. Nyumba hii nakuachia wewe."

Moyo wa Adija uliruka. Alikimbia kwa Mfaume, akafungua sanduku lake, akarudi na vikuku vya fedha vya mama yake vimefungwa katika kitambaa. Mfaume alikuja nyuma yake, sindano bado mdomoni. Tajdin alivipokea vikuku, akavitazama kwa mshangao kidogo, akavitia kifuani.

"Sawa," alisema. "Vitakaa salama." Akampa funguo, akawahi jahazi.

Adija alizunguka vyumba akigusa kuta. Ilikuwa nyumba yake. Hakupata hata siku ya kuifurahia. Adhuhuri hiyo moshi ulionekana kaskazini, upande wa Samanga, na jioni watu wa Kinjumbi wakaanza kufika mlangoni, kwa kuwa walisikia binti wa kwao amepata nyumba ya mawe. Walikuja shangazi zake, jirani aliyemlimia ufuta, na Kadija, mke wa kaka yake, mja mzito, miguu imevimba.

"Abdala yuko wapi?" Adija aliuliza habari za kaka yake.

Kadija aliinamisha uso. "Amekwenda kunywa maji."

Adija hakumwomba mtu kodi. Angemwombaje? Vyumba vitano vilijaa, na bado palikuwa na mtu kalala chini ya ngazi. Manowari ilifika kweli, askari wakajaa mjini, na kila walipobisha mlangoni kuuliza habari za wageni, Adija alisema wote hao ni watumishi wake wa duka, ingawa duka lilikuwa tupu. Usiku alimwombea kaka yake salama. Kisha aliomba mji usichomwe, akashangaa kama dua hizo mbili zinaweza kupokelewa pamoja.

Kadija alijifungua katika chumba cha kuwekea mabunda ya duka. Mtoto alikuwa ameanza kutabasamu mji ulipotulia na Tajdin akarudi na mkewe.

Tajdin alisimama uani akitazama vitambaa vya mtoto vinavyokauka kwenye kamba yake ya kuanikia khanga.

"Mama Adija, hawa nani?"

"Jamaa zangu. Nimewakaribisha nyumbani kwangu."

"Kwako?"

"Si uliniuzia?"

"Nilikuachia," alisema Tajdin taratibu. "Unitunzie." Akatoa kitambaa kifuani. Vikuku vilikuwemo vyote. "Hivi nilijua umenipa nikutunzie, usije ukaibiwa vitani. Nimelala navyo Unguja."

Adija alikaa chini kwenye kizingiti. Kama Tajdin angekuwa mwizi, angejua la kumwambia. Alimtazama Mfaume, aliyekuwa ameingia nyuma ya Tajdin.

"Alisema kuachia," alisema Mfaume, akikuna kichwa. "Na mimi nilielewa ameuza. Sasa sijui."

"Twende kwa liwali," alisema Tajdin, lakini sauti ilipungua kabla hajamaliza. Liwali angewauliza hawa watu ni wa wapi, na jibu lilikuwa Kinjumbi, na walioitwa wa Kinjumbi siku zile walikuwa wanapelekwa bomani kama waasi. Na Tajdin ndiye angekuwa mwenye nyumba iliyowaficha. Ndani, mtoto wa Kadija alikohoa.

Mehrunnisa ndiye aliyeingia ndani, akamchukua mtoto kwa Kadija, akambeba begani.

"Mpe Mama Adija uani," alimwambia mumewe. "Sisi tunaishi mbele. Uani tulikuwa tunaweka panya."

Tajdin akamrudishia Adija kitambaa, akanyoosha kiganja kitupu.

"Nipe tena. Safari hii sema unachonunua."

"Nanunua uani," alisema Adija.

"Nakuuzia uani. Nakuuzia. Mfaume, umesikia neno?"

"Nimesikia."

Wiki hiyo hiyo mke wa askari, mwanamke mpole mgeni wa bara, alipiga hodi akitafuta chumba. Alikuwa mtu wa kwanza katika maisha ya Adija kumletea kodi mkononi. Adija alisimama mlangoni, Kadija nyuma yake akinyonyesha, na habari za Abdala bado hazijafika.

"Vyumba vimejaa, mwanangu," alisema. "Jaribu mtaa wa juu."

Alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona ya kisima. Alishindwa kujua amefanya vizuri au vibaya, akaingia ndani kuwasha moto.