Blanketi la Bunduki za Uzi

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Opal Hutchens alifungua ukumbi wa kanisa la Dunmore, akateleka kahawa, akakuta blanketi la viraka limejishona tena.

Yeye na wenzake watatu walikuwa wakilitayarisha kwa maonyesho ya kilimo ya Agosti. Lilikuwa ramani ya wilaya nzima: mashamba ya mahindi ya kijani, mto wa buluu, kila nyumba na kiraka chake. Usiku huo cherehani ya Opal ilikuwa imeongeza bunduki ndogo ndogo za uzi, kila moja juu ya nyumba ilimo, na jina la mwenyewe chini yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wa Opal.

"Elmer ana kumi na moja!" alisema rafiki yake Maxine, pua karibu iguse nyumba yake na mumewe. "Mimi kaniambia tatu."

"Labda nyingine karithi, shoga."

"Karithi kwa nani? Baba yake alikuwa kinyozi!"

Walicheka mpaka kahawa ikafurika jikoni. Hakuna aliyeuliza cherehani imejuaje. Opal aliinunua mwezi Mei kwa pesa za bastola ya marehemu mumewe, Leland, na wote waliona ni kawaida cherehani iliyotokana na bunduki kufuatilia bunduki.

Bastola ile aliiuza kwenye maegesho ya uwanja wa maonyesho, ambako kila Jumamosi wanaume hufungua nyuma za pikapu zao na kuuziana bunduki jinsi wengine wanavyouziana matikiti. Aliyeinunua alikuwa kijana mwenye viatu safi, na alimsifu mbwa wa Opal. Sheria haikumtaka Opal amuulize jina, wala yeye hakuuliza, kwa sababu Dunmore kumuuliza mnunuzi jina ni kumwita mwizi mbele ya watu, na Opal alilelewa akaleleka.

Sasa aliitafuta kwa kidole. Akaitambua kwa mpini wake mweupe, ng'ambo ya mto, kwa Cody Stroud.

Cody alikuwa mume wa mjukuu wake, Kendra. Februari alimvunja Kendra mkono. Hakimu akamkataza kumsogelea, akamkataza pia kumiliki bunduki ya aina yoyote. Tangu hapo Kendra alilala kwa bibi yake, katika chumba cha vitambaa. Opal aliketi. Mikono iliyoitoa bastola ile kabatini ilikuwa yake mwenyewe, na hakucheka tena siku hiyo.

Sherifu Pruitt alipoitwa alivua kofia kwa heshima ya kazi ya mikono.

"Naamini kila mshono, Bi Opal," alisema. "Lakini hakimu anataka karatasi, na karatasi haipo. Mmoja kauza, mwingine kanunua, wakapeana mkono, basi."

"Kwani nani anaandika nani kamuuzia nani?"

"Hakuna. Kuandika ndiko marufuku."

Kisha akainama kutazama nyumba yake. "Kumbe ile yangu iliyopotea iko gereji!" alisema, akaondoka na furaha zake.

Jumatatu alikuja Wendell, karani wa wilaya, na mkasi mdogo. Jimbo linakataza ofisi yoyote ya umma kuweka orodha ya bunduki na wenyewe, na ukumbi ule hutumika kupigia kura, kwa hiyo nao ni ofisi. Alifumua mpaka adhuhuri, akiomba radhi kwa kila jina. Wakamlisha kuku na pai ya tufaha. Alipomaliza kulamba uma, nyuzi zote zilikuwa zimerudi, pamoja na bunduki aliyouziwa na binamu yake Jumapili, ambayo mkewe hakuijua.

"Hili ni blanketi," Wendell aliandika kwenye fomu yake, akapiga muhuri.

Jumamosi Opal alibeba kiti cha kukunja mpaka kwenye maegesho. Kijana wa viatu safi alikuwapo.

"Bibi yangu! Mbwa hajambo?"

"Hajambo. Unaitwa nani?"

Pikapu ya jirani ilifungwa taratibu. Mzee mmoja alitazama angani.

"Aa, Bibi," alisema kijana kwa huruma, "hapa hatuulizani hivyo."

"Bastola ya mume wangu ulimuuzia nani?"

"Jamaa fulani. Mpole sana. Alinishika mkono."

"Huo mkono ulimvunja mjukuu wangu," alisema Opal. Kijana alisikitika kwa dhati, akamkunjia kiti, akambebea mpaka kwenye gari. Kisha akarudi kuuza.

Agosti blanketi lilipata utepe wa kwanza. Lilitundikwa katika ukumbi wa maonyesho, na kila wanaume walipopeana mkono kule maegeshoni, bunduki moja ya uzi iliruka kutoka nyumba hadi nyumba, na watu wakapiga makofi. Elmer aliuza mbili, ukumbi mzima ukimshangilia Maxine. Kendra alisimama tangu asubuhi akitazama moja tu, ile isiyoruka.

Maonyesho yalipokwisha, wale wanawake walilipeleka blanketi nyumbani kwa Opal bila kuulizana, wakalitandika kitandani kwa Kendra. Wilaya iliwaachia, kwa kuwa ni blanketi. Limejaa pamba na lina joto zuri. Kila asubuhi Opal huingia na vikombe viwili.

"Iko wapi?"

"Bado kwake."

Hapo hunywa kahawa yao, wakamsengenya Elmer mpaka Kendra acheke.

Jumanne iliyopita bastola ilikuwa imevuka daraja na kusimama kwenye duka la chambo, upande wao wa mto. Opal alimpigia sherifu simu, naye akawashukuru kwa kumjulisha. Opal akatia komeo mlango wa mbele, akatia na wa nyuma, wakakaa wote wawili kitandani wakiitazama. Saa nne ikarudi ng'ambo. Kendra alikula yai lake, likiwa limekwisha kupoa.