Fomu ya Mume na Mke

Fundi viatu alikwenda ofisi ya mikopo kuomba mkopo wa mashine ya kushonea soli, wakampa somo la ndoa. Eti ndio mradi mpya: hupati mkopo mpaka familia yako ifundwe kwanza. Vikao sita, mume na mke, bega kwa bega.

"Mke wangu yuko kaburini mwaka wa tatu," alimwambia afisa.

"Pole, baba. Basi njoo na mwanamke anayekusaidia kulea watoto."

Nani mwingine kama si mama mkwe? Mtu mwenye haya zake habanani benchi moja na mkwewe, lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na viatu vya watoto wa mtaa mzima vingekwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine. Yeye alikuwa na sindano ya mkono na vidole vilivyotoboka. Akafunga kibanda, akaenda. Mara sita alifunga kibanda! Hao wakubwa waliotunga dawa ya umaskini, wao hukatwa mshahara wakienda darasani?

Kikao cha kwanza tu, mwalimu akasema, "Mshike mwenzako mkono, mwambie unachompendea."

Fundi akatazama dari. Mama mkwe akatazama mlango.

"Mwalimu," bibi akasema, "huyu alimuoa binti yangu, hakunioa mimi. Nimpendee nini?"

Darasa zima likavunjika mbavu.

Siku ya kutia saini, afisa alibofyabofya, akakuna kichwa. "Kompyuta inakataa. Kuna mume na mke, kuna mwanamke mjane. Mwanamume aliyefiwa na mke hayumo."

"Kwa hiyo mimi sijafiwa?"

"Umefiwa, baba, ila si kwenye mfumo."

"Na vikao sita?"

"Vimekujenga."

"Mimi ukuta, nijengwe?"

Mama mkwe akamsukuma kando kwa kiwiko. "Mimi nimefiwa na mume. Nimo?"

"Umo, mama."

"Vikao nimehudhuria?"

"Vyote."

"Basi niandike mimi."

Dakika kumi, kwisha. Fundi alitia saini chini kabisa, penye mdhamini.

Nje, bibi alijifunga kanga vizuri. "Kesho saa moja kamili uwe kibandani, mkwe. Mashine yangu haitaki kulazwa. Na ile redio uzime, inakula umeme."

"Ndiyo, mama," alijibu, amebana meno.

Akamfuata hatua mbili nyuma, kama kibarua wa siku ya kwanza, akiwalaani waliotengeneza ile kompyuta mpaka vitukuu vyao.