Pikapu ya Njano

Seremala aliponunua pikapu kuukuu ya dizeli ya kubebea vitanda vyake, alisema ataipaka rangi ya kijivu, maana kijivu huficha vumbi. Mkewe, mshonaji, aliitikia tu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, naye alificha, akihofia mumewe akijua atamwondolea cherehani.

Wiki nzima mume alisugua kutu kwa msasa, akaziba matundu, akafunika vioo kwa magazeti. Siku ya rangi alimwambia mkewe asichungulie mpaka aitwe.

Alipoitwa, mama alisimama dirishani. Uani paling'aa njano, kama kiini cha yai.

"Baba watoto, si ulisema kijivu?"

"Kijivu ungekiona?"

Mama alimgeukia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponishonea suruali nyeusi kwa uzi mwekundu. Miezi miwili naivaa, karakana nzima inaniita bwana harusi."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akauliza polepole, "Na cherehani yangu?"

"Nitaisogeza hapa dirishani penye mwanga. Kesho tunapanda hiyo njano twende kwa daktari wa macho. Uzi nitakutungia mimi."

"Kwa vidole hivyo vya kupigia misumari?"

"Nitajifunza."

Mama aliitazama tena ile njano, akatikisa kichwa. "Umepoteza rangi bure, mume wangu. Injini inavyokohoa vile, ningekujua hata nikiwa nimelala."