Kokoto za Mto wa Kale

Msumeno ulipomaliza kukata, Castory alizima mashine, akaumwagia mwamba maji, akainama. Jiwe lile refu la mviringo, lililochorongwa ardhini na kuletwa maabara, lilikuwa limepasuka katikati kama muwa. Ndani yake zililala kokoto nyeupe, laini, zimeshikamana kama njugu kwenye kashata.

"Kaliza, njoo uone!"

Kaliza, mjiolojia kijana aliyekulia Kampala, akaja na kioo chake cha kukuzia. Alitazama, kisha akamsogezea Castory kioo. "Mzee Castory, angalia hapa. Dhahabu iko katikati ya kokoto, haiko ndani yao."

Castory akaona. Punje za njano, ndogo kuliko chumvi, zimejibanza kwenye mianya.

"Hapa ilikuwa mto," Kaliza alisema. "Zamani sana, hata majani haikuwako bado. Maji ilibeba mchanga pamoja na dhahabu. Dhahabu ni nzito, ikashindwa safari, ikazama kwenye kokoto. Tope ikafunika, tope ingine juu, mpaka yote ikakuwa jiwe."

Ujana wake wote Castory alichimba Geita, akiilaani dhahabu kwa kujificha. Kumbe hii haikujificha, ilizikwa. Naye aliwahi kuzikwa.

Duara, shimo lao la kuchimbia kule Geita, lilimporomokea msimu wa mvua. Mwenzake Mugenzi alikuwa ameshatoka, begani ana kiroba cha mawe ya dhahabu waliyoyahangaikia muda mrefu. Wengine walikimbia. Mugenzi alitupa kiroba, akarudi, akafukua kwa mikono mitupu hadi akampata mwenzake akingali anapumua. Hawajafika mbali, mlima ukashuka tena, ukameza kila kitu. Baadaye Mugenzi alirudi kwao Rwanda, na ni yeye aliyemwita Castory Kigali na kumtafutia kazi hii ya maabara mtaani Niboye. Miaka yote hiyo Castory hakuwahi kumwambia asante. Neno lilionekana dogo mno. Kila lilipomfika mdomoni aliona haya, akauliza habari za watoto.

"Kaliza, mwanangu, naweza kumwita mtu aone?"

"Yego, mwite. Lakini anawe mikono!"

Mugenzi alikuja na pikipiki yake kutoka Sonatubes, alikokuwa akisubiri abiria. Akanawa, akashika kioo, akaliinamia jiwe.

"Ndiyo hii tuliyoiacha kule?"

"Ndugu yake."

"Ndogo hivi!" Mugenzi akacheka hadi machozi yakamtoka.

Castory hakucheka. "Mugenzi, ulitupa kiroba kwa ajili yangu. Leo nina mke, nina binti yangu Claudette anasoma sekondari. Wote hao wametoka mikononi mwako. Asante, ndugu yangu. Nimechelewa kusema."

Mugenzi aliweka kioo mezani taratibu, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Kile kiroba kilikuwa kizito, bwana," akasema. "Nilishukuru kupata sababu ya kukitua."

Jioni Mugenzi alikataa katakata mwenzake apande basi. Nje ya lango Castory alivaa kofia ngumu, akahangaika na kamba yake. Mugenzi akashuka kwenye pikipiki, akamnyanyua kidevu kama baba amvalishaye mtoto siku ya kwanza ya shule, akaanza kuifunga polepole. Ng'ambo ya barabara abiria alikuwa akimpigia mluzi, akapiga tena, na Mugenzi hakugeuka.