Hema la Pili

Frednand alipakia mahema mawili. Mimi nikashusha moja. Alikuwa bafuni, buti ya gari iko wazi, nikalivuta lile dogo la kijani, nikalisukuma chini ya kitanda cha watoto na kulifunika na zulia kuukuu. Nice, binti yetu wa darasa la tano, alinikuta najipangusa vumbi magotini. Nikamwambia nafasi haitoshi. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akaenda kutafuta viatu vyake.

Nafasi ilikuwepo tele. Kilichonisumbua ni mama yangu.

Mama anaitwa Selestina, anaishi peke yake Murusagamba tangu baba alipofariki. Mwaka jana aliteleza kwenye migomba akavunjika mkono, akabaki pale chini akiita hadi jirani yake Nahimana alipopita akitafuta mbuzi. Mimi nikapata habari siku ya pili, na barabara ya kule mvua ikinyesha si barabara, ni adhabu. Tangu hapo simu ikilia alfajiri moyo unanipasuka. Nyumbani kwetu Biharamulo kuna chumba kizima kimelaliwa na magunia ya maharage. Nimemwita mama aje akae humo, nimembembeleza, nimelia. Jibu lake ni lile lile: "Priscila, siwezi kulala paa moja na mkwe wangu."

Ndivyo nilivyolelewa. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali nyumba moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Wakiwa na neno la kuambiana, wanamtuma mtoto. Sawa, sibishi. Lakini Frednand ni mwalimu wa fizikia, ana digrii, anawafundisha watoto wa watu habari za mwezi na nyota, na bado akisikia mama yangu anakohoa anatafuta pa kutokea. Krismasi iliyopita alitoka kwa dirisha la sebuleni akiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai haikumwagika hata tone, amezoea.

Yeye alikuwa na wazo lake, aliniletea baada ya Pasaka. Tumjengee mama nyumba ndogo nyuma ya yetu, kule kwenye migomba. Nilimkatalia kabla hajamaliza sentensi. Mama yangu mzazi akae kibandani kama mlinzi, sisi tumelala kwenye vigae? Watu wangesemaje? Nikamwambia nisilisikie tena, na kweli sikulisikia tena.

Basi likizo ya Juni ilipofika, na watoto wakalilia kwenda kuona tembo, nikapanga mambo yangu. Hema moja, usiku mbili. Porini hakuna dirisha la kutorokea. Watalala paa moja, wataamka wazima, hakuna atakayekufa kwa aibu, na kisingizio kitakuwa kimekwisha. Kabla ya mvua za vuli mama atakuwa kwenye chumba chake.

Mama mwenyewe alikubali kuja kwa sababu Frednand alimhakikishia kwa mdomo wa Nice: "Mwambie bibi kutakuwa na hema lake na hema letu." Akasema haya, akafunga ndizi zake kwenye kikapu, akaja.

Safari yenyewe ilinipa presha. Mama alikaa kiti cha nyuma amejifunika kitenge hadi puani. Frednand, kwa heshima, akakigeuza kioo cha juu kikatazama dari ili asimwone. Tukaenda hivyo hadi hifadhini bila dereva kujua kinachokuja nyuma yetu. Malori yalikuwa yanatupigia honi, nami nageuka kuangalia, shingo ikaniuma. Aron, mdogo wake Nice, akawa anauliza tembo wako wapi kabla hata hatujatoka mjini.

Tulipofika kwenye kambi, pale kando ya Ziwa Burigi, tulipokelewa na mbung'o. Nilikuwa nimeshonesha fulana za bluu kwa familia nzima, tupendeze kwenye picha. Hakuna aliyeniambia kwamba mbung'o wanapenda bluu kuliko mimi ninavyoipenda. Askari wa hifadhi, kijana anaitwa Kazimili, alituangalia tunavyojipiga makofi migongoni, akang'ata mdomo asicheke.

"Shikamoo mama," alimwambia mama yangu.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni sana. Sheria yetu ni moja. Jua likizama, kila mtu ndani. Viboko wanapanda kula majani hapa hapa mnaposimama. Hakuna kulala nje."

Nikafurahi moyoni. Hata serikali ilikuwa upande wangu.

Frednand akaanza kushusha mizigo. Akatoa hema kubwa. Akatoa magodoro, sufuria, ndoo, mkaa. Akaingiza kichwa kwenye buti, akakitoa, akakiingiza tena. Mimi nikajitia kuhangaika na Aron.

"Priscila, hema dogo liko wapi?"

"Si ulipakia wewe?"

"Nilipakia. Niliyapanga mawili, moja juu ya jingine."

"Labda umesahau. Una mambo mengi kichwani siku hizi."

Akashusha kila kitu. Kila kitu, hadi tairi la akiba. Vitu vyetu vyote vikawa vimetandazwa kwenye majani kama soko la mitumba, mikate juu, kikapu cha ndizi wazi. Nyani walikuwa juu ya mti wakituangalia tu, na mimi naapa walikuwa wanasubiri amalize. Alipoinama kuangalia chini ya viti, wakashuka.

Mama yangu amepigana na nyani maisha yake yote kwa ajili ya mahindi na ndizi. Hakuhitaji kuambiwa. Alidaka sufuria na mwiko, akavamia akigonga na kupiga kelele za Kihangaza ambazo sizirudii hapa. Frednand naye akatokea upande wa pili wa gari na fimbo. Dume moja lenye mkate wetu kwapani likapita katikati yao, likawaacha wanatazamana ana kwa ana, mama na sufuria, mkwe na fimbo, kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu.

Frednand akaiangusha fimbo, akageukia ziwa. Mama akajifunika kitenge.

"Bibi, usiwapige," Kazimili akaja anakimbia. "Hapa ni kwao."

"Na Murusagamba ni kwa nani?" mama alimjibu kutoka ndani ya kitenge. "Mbona kule wanakuja?"

Mimi nikaona nafasi yangu ndiyo hii. "Haya," nikasema kwa sauti, "mmeonana. Nani amekufa? Hakuna. Sasa hema limepotea, tutafanyaje? Tulale wote humu. Ni kitambaa tu jamani!"

"Halijapotea," Nice akasema.

Nilimkata jicho. Lakini mtoto yule ni wa baba yake. Ukimuuliza anasema, usipomuuliza anasema pia.

"Mama alilishusha asubuhi. Liko chini ya kitanda chetu. Alisema nafasi haitoshi."

 Frednand alianza kurudisha vitu kwenye gari, kimoja kimoja, na huo ndio ubaya wake, hagombi. Ningependa apige kelele nami nipige zangu, tumalizane. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akakifunua kitenge usoni akaniangalia.

"Priscila. Ulijua hakuna hema jingine?"

"Mama, mimi nataka tu…"

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka kuangalia maji. Sikulitilia maanani wakati ule. Hasira zilikuwa zimenipanda hadi masikioni. Nani alikuwa na kosa hapa? Mimi ninayetaka mama yangu asife peke yake kwenye migomba, au watu wazima wawili wanaozungukana kama wanacheza kombolela?

Jua likaanza kushuka. Hema kubwa likasimamishwa. Mama hakuingia. Frednand hakuingia. Nikasema Frednand alale nje karibu na moto, Kazimili akasema hapana. Frednand akasema atalala kwenye gari. Mama akatikisa kichwa, akasema mwenye familia hafukuzwi kitandani kwake kwa sababu ya mkwewe, aibu hiyo ni kubwa kuliko ile nyingine. Kazimili akaangalia saa, akaangalia ziwa. Mimi nikaingia hemani nikakaa peke yangu, nang'atwa na mbung'o mmoja aliyeingia na mimi.

Nikiwa humo nikamsikia mama nje.

"Nice, njoo. Muulize baba yako, hilo gari lina mlango wake?"

Gari lilikuwa mbele ya macho yake. Nice akakimbia, akarudi. "Baba anasema lina milango minne."

"Mwambie basi hiyo ni nyumba. Mwenye mlango wake hajafukuzwa, amehamia."

Nice akakimbia tena. "Anasema atalisogeza kule, aligeuze lisitazame hema."

"Mwambie aligeuze, lakini asilipeleke mbali. Viboko wale. Na mpelekee hili blanketi, usiku wa ziwani una baridi."

"Anasema asante, bibi. Anasema wewe chukua godoro nene."

"Mwambie nimeshukuru."

Kwa maneno machache hayo wakawa wamemaliza jambo lililokuwa linanitoa jasho tangu asubuhi. Wakati huo mimi nimekaa ndani ya hema langu la kitambaa nimenuna. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilitaka kucheka na nilitaka kutupa kiatu.

Usiku nauruka. Viboko walikoroma karibu, watoto wakakoroma zaidi, na mama alilala amegeukia upande wa Aron. Nilimwita mara moja, "Mama?" Nikajua hajalala kwa jinsi alivyoacha kupumua kwanza. Hakuitika.

Asubuhi nilitoka nikamkuta ameshawasha moto, birika linachemka. Gari lilikuwa kule limetupa mgongo, na nyuma yake niliona tu moshi wa pumzi za Frednand kwenye baridi. Nice alikuwa katikati ya njia, amesimama tayari kwa kazi yake.

"Nice," mama alisema, "mwambie baba yako, ile nyumba ndogo aliyoniambia Pasaka."

Nikasimama. "Nyumba gani, mama?"

Mama akachochea moto.

Nice akanijibu yeye, anavyojibu darasani. "Ya nyuma, kwenye migomba. Baba alinituma Pasaka tulipokwenda Murusagamba, wewe ulikuwa kwenye misa. Alisema nimwambie bibi atamjengea, mlango wake utazame barabarani, na jiko lake. Bibi akakubali."

"Alikubali?"

"Ndiyo. Alisema ni nzuri, atakuja. Alisema lakini ni wewe wa kuja kumwita, kwa sababu wewe ndiye mtoto wake. Baba akasema utakuja."

 Tangu Pasaka. Miezi ile yote nilipokuwa nikimpigia mama simu nikimlilia aje kwenye chumba cha maharage, yeye alikuwa ameketi kule na mkono wake usionyooka vizuri, akisubiri nimwite kwenye nyumba yake. Na Frednand alikuwa amenyamaza kwa sababu nilimwambia nisilisikie tena. Nilikuwa nahangaika kuuvunja mlango, na mimi ndiye niliyeushikilia kwa ndani. Niliumia, nisifiche. Niliumia na nikakasirika, maana hata kukasirika kwenyewe sikujua nimkasirikie nani.

"Mama," nikasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anamimina chai kwenye vikombe, mkono wa kulia ukisaidiwa na wa kushoto.

"Nice, mwambie baba yako aanze kufyatua matofali," alisema. "Maharage nitayavuna kwanza. Nitakuja kabla ya mvua."

Nice akakimbia hadi nyuma ya gari, akarudi anahema. "Baba anasema sawa. Anasema amefurahi sana."

Basi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mama anahamia kwetu, kabla ya mvua za vuli, kama nilivyopanga. Nilisogea pale motoni nikanyoosha mkono nipokee kikombe. Mama akakiweka chini, juu ya jiwe, akarudisha macho kwenye birika.

"Nice," alisema, "mwambie mama yako chai iko tayari."

Nilikuwa karibu yake kiasi kwamba moshi wa moto wake ulikuwa unaniingia machoni. Ningeweza kushika pindo la kitenge chake. Nice akatuangalia sote wawili, akasita kidogo, kisha akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Mama," alisema, "bibi anasema chai iko tayari."

Akabaki pale, akisubiri jibu la kurudisha.