Konokono wa Tabaka la Kumi na Mbili

Mama Brashi alikuwa amechambua udongo wa kale kwenye maabara ya chuo kikuu kwa miaka kumi na mmoja. Kila tabaka lililochimbwa alilichekecha, akayaokota magamba ya konokono kwa ncha ya brashi, akayahesabu aina kwa aina. Wapo konokono wapenda unyevu na wapo wavumilia ukame, kwa hiyo magamba yao husimulia hali ya hewa ya zamani bila kutia chumvi.

Mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa akiandika tasnifu kwa magamba hayohayo. Tabaka la kumi na mbili lilikuwa fahari yake: konokono wa unyevu tele, mahali ambapo wataalamu wote waliona ukame mtupu. Mama Brashi alimwonya mapema. Magamba ya kale huwa meupe, makavu kama chaki. Haya yaling'aa, na moja lilikuwa na nyama iliyokauka ndani. Huyu ni konokono mchimbaji, alimwambia, kajizamisha huko juzijuzi tu. Mdogo mtu akacheka, akasema dada ashike brashi, sayansi amwachie yeye. Dada akarudi kwenye chekeche lake, maana hakuwahi kumnyima kitu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mgeni aliweka gamba moja chini ya hadubini, akawaita wenzake waje waione nyama. Mama Brashi alikuwa ameketi nyuma, kavaa gauni lake zuri.

"Aliyechambua ni yule mama," mdogo wake alisema bila kugeuka. "Huwa haoshi chekeche."

Profesa mkuu wa maabara akamuuliza dada kama ni kweli. Mama Brashi alikitazama kisogo cha mdogo wake, alichokinyoa mwenyewe asubuhi ile, akajibu kuwa ni kweli. Akafukuzwa kazi palepale, mbele ya wageni.

Mdogo wake alimfuata koridoni. Dada alidhani anakuja kumwangukia miguuni.

"Dada, wamenipa mwezi mmoja," alisema. "Sampuli zote zichambuliwe upya, konokono wachimbaji watolewe. Macho kama yako hapa hakuna. Nitakuletea nyumbani jioni."

Kwa mara ya kwanza maishani Mama Brashi alimchukia, chuki ya kweli. Kisha akamuuliza ni sampuli ngapi.